Halmashauri yetu imepata hati safi, zahanati yetu bado ni boma. Nani anafunga hizi hoja za ukaguzi?

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa Tanga na nina hasira, sitaificha.

Madiwani na wataalamu wa halmashauri yetu wamepongezana barazani kwa kupata tena hati safi kutoka kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Makofi, picha za pamoja, kundi la WhatsApp la kata likajaa "hongereni sana viongozi wetu". Halmashauri sitaitaja jina. Mkoa wetu una halmashauri 11 na yetu ni mojawapo, wa kwetu watajijua. Katika halmashauri hiyohiyo liko boma la zahanati, kuta bila paa, ambalo wananchi tulilisimamisha kwa nguvu zetu. Kila kaya ilitoa shilingi 10,000, asiyekuwa nazo alibeba mawe au alisomba maji, akina mama walipika uji wa mafundi. Mimi nimo kwenye kamati, najua kila tofali liliingiaje pale. Tukafika usawa wa lenta, tukaambiwa inatosha, serikali itamalizia. Kwenye mkutano wa kijiji tukasomewa kwamba fedha za umaliziaji zimeingia. Mabati hayajaja. Vichaka vimeota ndani ya chumba tulichokitenga kwa ajili ya kujifungulia, na mjamzito wa kwetu bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku wa manane, masika yananyesha, njia yote utelezi.

Halafu watu wanapiga makofi!

Kabla hamjaniambia kwamba labda CAG hakufika kwenye boma letu, ngoja niseme jambo ambalo wananchi wengi hawaambiwi, na viongozi wetu wanafurahia lisisemwe. Hati safi, ambayo ofisini huiita hati inayoridhisha, ni maoni ya mkaguzi juu ya hesabu. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, halmashauri inapewa miezi 3 kuandaa hesabu zake na kuzikabidhi. Mkaguzi anaangalia kama hesabu hizo zimefuata viwango vya uhasibu vya sekta ya umma, na kama hazina kosa kubwa la kumpotosha anayezisoma. Anakagua kwa sampuli, hawezi kushika kila hati ya malipo ya nchi nzima. Akiridhika, hati safi. Akikuta kasoro kubwa kwenye eneo fulani, hati yenye shaka. Kasoro zikitapakaa kwenye hesabu nzima, hati isiyoridhisha, na akinyimwa vielelezo vya kutosha anaweza kugoma kabisa kutoa maoni. Basi. Hapo hakuna mstari unaosema zahanati zimeezekwa. Duka linaweza kuwa na daftari lililojumlishwa sawasawa na rafu zikawa tupu.

Swali la kama huduma imemfikia mtu, maji yanatoka, dawa zipo, mradi umelingana na pesa iliyotumika, linaulizwa kwenye ukaguzi wa ufanisi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, ambayo CAG ndiye anaiongoza, inaufanya, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 imeipa nguvu hiyo, na ripoti zake hutoka. Lakini sijawahi kumwona diwani akipiga picha na ripoti ya ufanisi. Na hata ile ripoti kuu ya serikali za mitaa, ambayo ndiyo yenye orodha ya hati wanazojivunia, waifungue kurasa za ndani waone. Mwaka baada ya mwaka ni yaleyale: majengo yaliyotelekezwa, miradi iliyokamilika ambayo haitumiki, malipo yasiyo na viambatisho, makusanyo yasiyofika benki. Halmashauri inaweza kubeba hati safi mkono wa kulia na hoja kibao mkono wa kushoto, yaani kasoro alizoziandika mkaguzi akitaka majibu, na kihasibu hakuna mgongano hapo.

Hayo makusanyo yananiuma kipekee. Mama mwenye tenga la nyanya anatozwa ushuru palepale getini, haambiwi lipa kesho. Anapewa risiti ya mashine ya POS, anaingia sokoni kuhangaika. Fedha yake ilitakiwa iende benki. Lakini mashine nyingine zinazimwa, nyingine zinawekwa nje ya mtandao, na nyingine mfumo unaonyesha wazi kabisa kwamba mkusanyaji fulani anadaiwa kiasi fulani, na mwaka wa fedha unaisha huku anadaiwa vilevile. CAG ameyaandika haya mara nyingi. Sasa mama huyo akichelewa kulipa ushuru siku moja, mgambo anabeba tenga.

Mikopo ya asilimia 10 nayo mnaijua ilivyokwenda. Sheria inataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wakaguzi wakakuta vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote mpaka mwaka wa fedha 2024/25. Nani alisota muda wote huo? Vikundi vya kweli vya kina mama wa kusuka ukili na kukaanga samaki, waliorejesha kila senti. Waliosajili vikundi hewa walikuwa maofisini.

Turudi kwenye boma. Mradi wetu ulitakiwa uende kwa fosi akaunti, yaani kijiji kiwe na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na fundi wa kawaida badala ya mkandarasi. Utaratibu mzuri sana kama unafuatwa. Sisi tuligoma kusaini hati ya kupokea mabati ambayo macho yetu hayakuyaona. Tangu siku hiyo hatujaitwa kikao chochote. Baadaye tukasikia majibu yaliyopelekwa kwa wakaguzi yanasema taratibu za ununuzi zinaendelea. Zinaendelea wapi? Na nani?

Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe, na ndiyo sababu ya kufungua uzi huu. Mkaguzi anaandika hoja. Halmashauri inajibu. Ikileta vielelezo, hoja inafungwa. Isipoleta, inabaki, na mwaka unaofuata inasomwa kwenye jedwali la hoja za miaka ya nyuma. CAG anampelekea Rais ripoti mwishoni mwa Machi, miezi 9 tangu mwaka ufungwe. Katiba, ibara ya 143, inataka ipelekwe Bungeni, na tumezoea kuiona Aprili. Kisha Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, inaita baadhi ya halmashauri kuhojiwa. Mpaka kufika huko, mkurugenzi aliyekuwepo ameshahamishwa, mweka hazina ameshahamishwa, mhandisi yuko mkoa mwingine. Anayesimama kujibu ni mgeni kwenye kituo, anaomba apewe muda afuatilie. Anapewa. Aliyekula anaendelea na kazi huko alikopelekwa, kwenye boma la watu wengine.

Uhamisho si adhabu jamani. Kumtoa mtu Tanga na kumpeleka mkoa mwingine na cheo chake kilekile ni kuwapelekea Watanzania wenzetu tatizo tulilolishindwa sisi.

Najua wapo watakaomlaumu CAG. Mimi simlaumu. Hana pingu, hana mahakama. Akihisi jinai anakabidhi kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, kuanzia hapo kazi ni ya wengine. Na kazi hiyo ya kusema ukweli ina gharama zake. Katiba inasema hatalazimika kufuata amri ya mtu wala idara yoyote ya serikali, lakini wote tuliona ya Profesa Mussa Assad alipokuwa CAG. Alisema kuna udhaifu wa Bunge katika kushughulikia ripoti zake, Januari 2019 akaitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, Novemba akawekwa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Imekuja kusemwa miaka 3 baadaye. Alichokisema kuhusu ripoti kukosa wa kuzifanyia kazi ndicho hichohicho ninacholalamikia leo nikiwa kijijini.

Na msiniambie haiwezekani. Aprili 2012 wabunge waliishikia bango ripoti ya CAG, na Mei Rais Kikwete akawaacha nje mawaziri 6 kwenye mabadiliko ya baraza. Kwa hiyo njia ipo, kinachokosekana ni watu wa kuishikia bango hoja ya zahanati ya kijiji kama walivyoishikia ile ya mawaziri.

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu uliyesema ripoti zote za CAG ni maigizo, nakukatalia. Bila hizo ripoti mimi nisingejua kwamba boma letu lina wenzake nchi nzima, ningedhani ni mkosi wa kijiji chetu. Zipo kwenye tovuti ya ofisi yao, za Kiswahili pia zipo. Zisome, usisubiri vipande vya magazeti.

Dada uliyeuliza kama tumekwenda TAKUKURU, ndiyo, barua ya kamati imepelekwa na nakala yenye muhuri wa kupokelewa tunayo.

Na ndugu uliyesema tuwe wavumilivu kwa sababu serikali ina mambo mengi: kwa heshima zote, mke wako hajajifungulia njiani.

Ninachoomba kwa watu wa mkoa huu, kuanzia Lushoto na Kilindi mpaka Pangani na Mkinga. Ripoti ikishatoka, kila halmashauri hufanya baraza maalum la kujadili hoja za CAG, na mkuu wa mkoa huwa anahudhuria. Vikao vya baraza ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Viti vya wananchi pale huwa vitupu, na ndiyo maana hoja zinafungwa kwa makofi. Twendeni. Kabla ya hapo, mkutano wa kijiji ni haki yetu kila baada ya miezi mitatu na mapato na matumizi lazima yasomwe. Dai yasomwe mradi kwa mradi, pamoja na jina la fundi, kiasi alicholipwa na kilichobaki. Mtendaji akisema hana taarifa, iandikwe kwenye muhtasari kwamba amesema hana.

Mwenye tarehe ya baraza maalum la halmashauri yake aiweke hapa chini, na ukumbi, na saa ya kuanza. Ya kwetu nikiipata naiweka siku hiyohiyo, na kamati nzima tutakuwepo.