Kuwinda elki Colorado kwa mara ya kwanza ukitokea jimbo jingine: mpango uanzie wapi?

Mtaa_wa_Pili:

Wakuu, salaam. Tuko watatu hapa Columbus, Ohio. Kulungu wa huku tunawafahamu, elki (jamii ya kulungu, ila mkubwa zaidi) bado. Mwakani tunataka kwenda Colorado na bunduki, kwenye ardhi ya umma, bila kukodi mwongozaji. Mimi nina uraia, wa pili ana green card, wa tatu yuko kwa viza ya mwanafunzi. Bunduki tulizonazo ni za risasi aina ya .450 Bushmaster. Naomba kujua leseni zinaombwa lini, huyu wa viza anaruhusiwa kushika bunduki au la, na nyama itafikaje Ohio bila kuharibika. Sote ni Waislamu, kwa hiyo na suala la kuchinja mliguse.

Mpanda_Milima:

Mkuu, kalenda kwanza, bunduki baadaye.

Colorado ndiyo yenye elki wengi kuliko majimbo yote. Msimu wa bunduki umegawanywa mara nne, kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba. Wa kwanza na wa nne ni kwa droo tu, yaani unaomba leseni na majina huchaguliwa. Wa pili na wa tatu, kwenye vitengo vingi (maeneo ya uwindaji yenye namba), tagi ya dume (leseni ya kuua mnyama mmoja) imekuwa ikiuzwa bila droo. Ila kanuni hubadilika: mwaka 2025 wawindaji wa upinde kutoka nje ya jimbo walifungiwa ununuzi wa namna hiyo magharibi ya barabara kuu ya I-25, wakapelekwa kwenye droo. Maelezo ya miaka ya nyuma yasikuongoze. Soma kijitabu cha mwaka huo huo cha Colorado Parks and Wildlife (CPW), tena ule mstari wa kitengo chako hasa.

Droo kuu hufungwa Jumanne ya kwanza ya Aprili, saa mbili usiku kwa saa za Colorado. Kabla ya kuomba lazima uwe umeshanunua mojawapo ya leseni zinazokupa sifa ya kuingia kwenye droo. Zimeorodheshwa kwenye kijitabu. Mkiomba kama kundi, mfumo unatumia pointi (zinazokusanywa kwa kuomba miaka ya nyuma bila kupata) za yule mwenye chache kuliko wote. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye anahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Cha Ohio kinakubalika, lakini namba yake muiingize kwenye akaunti mapema, siyo usiku wa mwisho. Tagi ya elki kwa mgeni ni kama dola 800 kwa kila mtu.

Ushauri wangu: ombeni jike. Kwenye vitengo vingi dume halali ni yule mwenye ncha nne au zaidi kwenye pembe moja, au mwenye ncha ya paji (ile ya chini ya pembe) yenye urefu wa inchi 5 au zaidi. Kuhesabu ncha katikati ya misonobari, alfajiri, mnyama akitembea, kunawashinda wengi, na ukimpiga asiye halali ni kosa la kisheria. Kwa jike hakuna hesabu hiyo, na nyama yake ni laini zaidi.

Mtu akiwaambia mkajaribu Wyoming, mkumbuke mambo mawili: maombi ya elki kwa wageni hufungwa mapema Februari, na mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa kwenye maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali kuu bila mwongozaji mwenye leseni au mwenyeji wa jimbo aliyechukua kibali cha kumsindikiza.

Kitasa:

Kuhusu viza, hapa msifanye mchezo. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya mwanafunzi ikiwemo, kumiliki au hata kushika bunduki na risasi. Msamaha mmoja unaomhusu huyu ndugu ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani. Kwa hiyo leseni itangulie, bunduki ifuate, hata kwa mazoezi ya kulenga. Awe nayo mfukoni wakati wote, na aangalie tarehe ya mwisho, maana ikiisha na msamaha umeisha. Aliyepoteza hadhi yake ya uhamiaji hasaidiwi na leseni. Mwenye green card hayumo kwenye katazo hilo. Huyu wa viza azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kulipa chochote, kwani kosa la bunduki linaweza kumfukuzisha nchini.

Bangi Colorado ni halali kwa sheria ya jimbo, lakini sheria ya shirikisho inamkataza mtumiaji wa bangi kuwa na bunduki. Msiikaribie.

Njiani mtafuata I-70 kupitia Indiana, Illinois, Missouri na Kansas. Bunduki iwe tupu, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, kwenye buti, risasi mbali nayo.

Mpanda_Milima:

Naongezea kuhusu bunduki. .450 Bushmaster inakidhi masharti ya Colorado (kipenyo kisipungue inchi .24, risasi ya elki isipungue uzito wa greni 85). Tatizo ni umbali. Risasi ile ni nzito na fupi, ikipita yadi 200 inashuka haraka mno, na kule mtamwona elki ng'ambo ya bonde akiwa yadi 250 au 300. Afadhali .308 au .30-06 yenye risasi ya greni 165 hadi 180 iliyotengenezwa isivunjike mfupani. Ilengeni sawasawa kwa yadi 200, halafu mpige tena risasi chache mkifika, kwa sababu darubini hugongwa njiani. Lengo ni nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua, mnyama akiwa ubavu. Akisimama mkimtazama matako, acheni.

Mavazi: rangi ya chungwa au waridi ing'aayo, angalau inchi za mraba 500 juu ya kiuno, na kofia ya rangi hiyo hiyo.

Columbus iko kama mita 240 juu ya bahari. Mtakuwa mkitembea kati ya mita 2,500 na 3,300. Fikeni siku mbili kabla ya msimu, mlale kwanza sehemu za chini kabla ya kupanda. Kichwa kikiuma pamoja na kutapika, dawa yake ni kushuka, siyo kupumzika hapo hapo.

Elki akishasikia milio ya siku ya kwanza huacha maeneo ya wazi. Mtafuteni kwenye msitu mnene upande wa mlima unaotazama kaskazini, mbali na barabara. Wengine hukimbilia mashamba ya watu, na Colorado ardhi ya mtu huingii bila ruhusa hata kama haina uzio wala kibao. Pakueni ramani ya mipaka kwenye simu kabla ya kupoteza mtandao.

Kisu_na_Kamba:

Safari nyingi za mara ya kwanza zinaharibikia kwenye nyama. Dume mkubwa ana uzito wa kilo 300 na zaidi, jike 200 na ushee. Ukishatoa mifupa, dume anabaki na kilo 80 hadi 100 za nyama. Hiyo ni mizigo minne au mitano ya kilo 20. Kabla ya kufyatua, mjiulize mtaibeba vipi kutoka pale alipo hadi kwenye gari.

Msimpasue tumbo. Alale ubavu, mpasue ngozi kando ya uti wa mgongo, muichune kuelekea chini. Toeni mguu wa mbele (hauna kiungo cha mfupa, kisu tu), kisha paja la nyuma kwa kufuata nyonga hadi kwenye kiungo, kisha nyama ndefu ya mgongo na ya shingo. Mgeuzeni, mrudie. Sarara ya ndani hutolewa mwisho kwa kupenyeza mkono nyuma ya mbavu za mwisho. Acheni ushahidi wa jinsia umeshikamana kiasili na kipande kimoja, na tagi isainiwe na kufungwa kama kijitabu kinavyoelekeza.

Kinachooza kwanza ni nyama ya paja inayozunguka mfupa, kwa sababu joto linabaki ndani hata nje kukiwa na baridi. Kama jioni haina ubaridi wa kutosha, toeni mfupa hapo hapo. Tumieni mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, muitundike kivulini. Plastiki inafungia joto na unyevu.

Kwa gari, chukueni madeli mawili makubwa ya barafu kwa kila mnyama. Maji ya barafu yamwagwe kila mnaposimama, nyama isilowe.

Kisha kuna ugonjwa wa CWD, unaoshambulia ubongo wa elki na kulungu. Ohio hairuhusu kuingiza kichwa wala uti wa mgongo kutoka nje. Leteni nyama isiyo na mfupa. Kichwa kipelekeni CPW kipimwe kabla hamjaondoka, na kila mnyama nyama yake iwe na alama. Mkichanganya nyama za wanyama watatu na mmoja akakutwa na ugonjwa, zote zinatupwa.

Mtaa_wa_Pili:

Shukrani sana wakuu. Na tukikosa droo ya Aprili?

Mpanda_Milima:

Kuna droo ya pili, maombi yake hufungwa mwishoni mwa Juni. Leseni zinazobaki huuzwa kuanzia Jumanne ya kwanza ya Agosti. Majike hubaki mara nyingi kuliko madume.

Pwani_Moja:

Kuhusu uhalali: taja Bismillah unapofyatua. Risasi ikitoboa na mkamkuta amekufa kwa jeraha hilo, wanazuoni wengi wa sasa wanasema ni halali. Mkimkuta hai na mnaweza kumdhibiti, achinjwe. Mwendeeni kutoka upande wa mgongo, kwato zake zinaua. Akiwa bado anajitupa na hafikiki, risasi ya pili kwa Bismillah ingali ni uwindaji. Akiangukia majini au kutoka kwenye genge, msiwe na haraka ya kumla kabla hamjauliza, kwa sababu haijulikani kilichomuua.

Na mkipeleka nyama kwenye bucha la huko, semeni mapema: soseji na nyama ya kusaga ya wawindaji huchanganywa na mafuta ya nguruwe ili isiwe kavu, na mashine ni hizo hizo. Salama zaidi ni kuleta vipande Ohio mkasage wenyewe, mkitaka mafuta muweke ya ng'ombe, asilimia 10 inatosha.