Wauza trela za gurudumu la tano Marekani, mnajua tunaenda kuishi humo. Kwa nini mnatudanganya?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Mods mkitaka kuhamishia uzi huu jukwaa lingine hamisheni, ila msiufute.

Mimi ni nesi wa mikataba hapa Marekani, ile ya wiki 13, leo uko Texas kesho Ohio. Nyumba za kupanga kwa muda mfupi karibu na hospitali zinakula posho yote. Ndiyo maana manesi wengi, na mafundi wa kuchomelea mabomba na wa nguzo za umeme, tunahamia kwenye trela za gurudumu la tano, zile kubwa ambazo shingo yake inapanda juu ya bodi ya pikapu na kunasa kwenye sahani karibu na ekseli ya nyuma. Barabarani zinatulia kuliko zile zinazonaswa kwenye kitufe cha duara nyuma ya gari, na ndani mtu mzima anasimama wima hadi chumbani. Trela zenyewe sina ugomvi nazo. Nina ugomvi na wanaoziuza.

Kwenye yadi niliyonunua, sentensi yangu ya kwanza kwa muuzaji ilikuwa hii: nitaishi humu mwaka mzima na familia, nitahama kila mkataba ukiisha. Mke wangu alikuwepo. Jamaa akajibu hakuna shida kabisa, hii imetengenezwa kwa ajili ya watu kama nyie. Nikaomba kuisoma waranti. Akasema iko kwenye mfuko wa makaratasi, nitaikuta ndani ya droo siku ya kukabidhiwa. Baridi ya kwanza tu, maji yakapenya pembeni ya kile chumba kinachosukumwa nje, sakafu ikavimba. Napiga simu ya waranti, swali lao la kwanza: "Mnaishi humo?" Nikasema ndiyo. Basi. Nikasomewa kifungu kwamba waranti ni ya matumizi ya burudani na safari, ukiifanya makazi ya kudumu haikuhusu. Nampigia muuzaji, ananiambia hakumbuki tulizungumza nini.

Hakumbuki! Mtu aliyekumbuka hadi majina ya watoto wangu siku ya kusaini.

Na hili si la yadi moja. Viwanda vingi vina kifungu hicho, vichache ndivyo vinavyoandika wazi kwamba kuishi humo muda wote kunaruhusiwa. Serikali nayo inazihesabu trela hizi kuwa za burudani, makazi ya muda, kwa hiyo hazijengwi kwa kanuni za nyumba za kiwandani. Wauzaji wanalijua hilo kuliko wewe. Wanajua pia kuwa sheria ya shirikisho ya waranti ya 1975, pamoja na kanuni zake, inakupa haki ya kuiona waranti KABLA ya kulipa. Wanaoiacha kwenye droo wanafanya makusudi.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo watu watakufa.

Ukifika yadi unaonyeshwa namba moja: pikapu yako ina uwezo wa kuvuta paundi kadhaa, trela ina uzito mkavu pungufu ya hapo, hongera, saini hapa. Uzito mkavu ni wa trela ilivyotoka kiwandani, bila maji, bila sufuria hata moja, bila nguo zako za msimu wa baridi. Nani anaishi hivyo? Tenki la maji la galoni 60 likijaa ni karibu paundi 500 peke yake. Mtu anayeishi humo anajaza hadi karibu na kikomo alichoandika mtengenezaji, na hicho kikomo ndicho cha kupigia hesabu. Chukua trela yenye kikomo cha paundi 16,000. Shingo inabebesha pikapu asilimia 20 hadi 25 ya uzito wa trela, yaani paundi 3,200 hadi 4,000. Fungua mlango wa dereva wa pikapu yako usome kibandiko kinachosema abiria na mizigo visizidi paundi ngapi. Pikapu nyingi za dizeli za "robo tatu tani" (hilo ni jina la daraja la kati tu, si uzito halisi inaobeba) hazifiki hata 3,000. Toa humo uzito wako, wa mke, wa watoto, wa ile sahani ya kunasia, halafu niambie kimebaki nini. Injini itavuta vizuri tu, hutasikia kitu. Wanaoumia ni ekseli na tairi za nyuma, na siku moja mteremkoni Colorado utaelewa muuzaji alikuficha nini.

Nimemkuta nesi mwenzetu, dada wa Kikenya, ameuziwa trela ya namna hiyo pamoja na pikapu ya "nusu tani", daraja dogo zaidi ya hiyo. Pamoja! Yadi ileile, siku ileile. Nilimpeleka kwenye mizani ya malori kwenye kituo cha mafuta, karatasi ilipotoka alikaa chini.

Leseni je? Kuna yeyote aliyeambiwa? California gurudumu la tano lenye kikomo cha zaidi ya paundi 15,000 linataka leseni ya daraja A isiyo ya biashara. Texas nao wanaitaka, pikapu na trela zikizidi 26,000 kwa pamoja. Wakazi wa majimbo hayo wanavuta na leseni ya gari dogo wakidhani wako salama.

Mkopo hivyohivyo. Benki nyingi hazimkopeshi mtu anayesema ataishi humo muda wote, kwa hiyo muuzaji anakuambia "andika burudani tu". Umesaini uongo kwenye fomu ya benki, yeye kachukua kamisheni yake. Bima ya kawaida nayo haitoshi, inatakiwa ile ya wakaaji wa kudumu.

Halafu hilo neno "misimu minne" wanalolibandika ubavuni. Hakuna kipimo cha kisheria nyuma yake, kila kiwanda kinajipachika kinavyotaka. Hita ya BTU 40,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) ikiwaka mfululizo inamaliza mtungi wa gesi wa paundi 30 kwa saa 16 hivi. Uliza mabomba yanapita wapi, uliza tumbo la trela limefungwa na linapelekewa joto au hapana, ingia chini ujionee.

Nyie ndugu zetu mnaoposti hizi trela kwenye magrupu ya WhatsApp ya diaspora, nanyi nawaambia. Mnalipwa kwa kila kichwa mnachopeleka yadi, semeni. Mnawauzia watu mbuzi kwenye gunia halafu Jumapili mnakutana nao kanisani mnawasalimia.

Anayetaka kununua sasa hivi, asilipe hata dola ya kishika nafasi kabla hajapewa waranti akaisoma, na ile sentensi ya "mtaishi humo bila shida" iandikwe kwenye mkataba na isainiwe na meneja. Wakikataa kuiandika, ondoka.

Mwenye waranti ya kiwanda inayosema kwa maandishi kwamba kuishi humo muda wote kunaruhusiwa, naomba apige picha ukurasa huo auweke hapa, na aandike ni ya mwaka gani. Msiniletee maneno ya muuzaji. Nataka ukurasa.