Naomba ushauri: choa kilichopakwa krimu ya mchanganyiko

Habari zenu wakuu. Niko zahanati huku Uvinza, Kigoma. Kuna kijana ana mabaka ya duara kiunoni, yanawasha sana, kingo zimefifia kwa sababu amepaka krimu ya dukani yenye betamethasoni (steroidi ya kupunguza uvimbe na muwasho) na klotrimazoli (dawa ya fangasi) kwa wiki kadhaa. Akiacha, yanarudi na kusambaa zaidi. Nimepima hisia kwa pamba akiwa amefumba macho: anahisi kote, na mishipa ya fahamu haijavimba, hivyo ukoma sioni dalili zake. Nimekwangua magamba ya pembeni, nikaweka KOH (potasiamu hidroksidi, inayoyeyusha magamba ili fangasi waonekane) asilimia 10, lakini hadubini haikuonyesha nyuzi za fangasi. Nahofia klotrimazoli imezipunguza. Asitishe krimu kwa muda gani ndipo nikwangue tena? Au nianze griseofulvini, dawa ya fangasi ya kumeza, sasa?