Msumeno wa Kijapani au wa Kizungu? Naombeni ushauri, wakuu

Kijana wa Keko: Habarini wakuu. Nina karakana ndogo, umeme ukikatika kazi inalala, kwa hiyo nataka msumeno mzuri wa mkono. Kuna ryoba ya Kijapani: meno pande mbili, huku ya kupasua, huku ya kukata kwa kukingama. Upi unafaa kwa ndimi za fremu za milango, zile ncha zinazochomekwa kwenye matundu? Usingizi hauji.

Mzee wa Patasi: Wa Kijapani. Unakata ukivuta, na bapa likivutwa linanyooka lenyewe, ndiyo maana wanalifanya jembamba. Wa kusukuma ukiwa mwembamba hivyo unajikunja. Sisi babu alitunyima chai mpaka mkato ufuate mstari! Siku hizi vijana mnataka mashine tu.

Dada Randa: Mbao gani, mdogo wangu?

Kijana wa Keko: Za kawaida tu, dada.

Dada Randa: Kawaida ipi? Paini? Mninga?

Kijana wa Keko: Mvule. Umetoka kwenye nyumba iliyobomolewa.

Dada Randa: Ungeanza na hilo. Mvule una mawe ndani, chokaa iliyoganda kwenye mti. Huyaoni mpaka jino lipige kelele. Ryoba nyingi za dukani meno yamefanywa magumu mno, hata tupa haiyashiki. Yakikatika, unanunua bapa jipya. Wa Kizungu wenye meno yasiyo magumu hivyo unapiga tupa ya pembetatu, unapanga meno, unarudi kazini.

Kijana wa Keko: Nimeshalipa nusu, dada. Na zipo ryoba za mbao ngumu. Nitavuta taratibu.

Baba Wawili: Umelipa kwa advansi ya mteja? Hela ya mtu haichezewi, kijana.

Jicho Kali: Samahani, mwezi uliopita si ulisema unauza chipsi Mwanza? Leo una karakana Keko? Hii hadithi ya kutunga.

Kijana wa Keko: Yule ni kaka, tunatumia simu moja. Picha ya mbao hiyo hapo.

Jicho Kali: Picha hata mtandaoni zipo.

Dada Randa: Mwacheni. Ikuze hiyo picha, pembeni kulia: misumari imekatikia ndani, vichwa havipo. Hapo hakuna msumeno utakaopona, wa Japani wala Uingereza. Chimbua kwa patasi kuukuu, itoe yote kwa koleo kwanza.

Kijana wa Keko: Sawa dada, kesho naanza. Ila ryoba siirudishi, nitaitumia kwenye paini.