Kurekodi mawasiliano ya ukurasa ili vipimo vya kasi virudiwe: ninakosea wapi?

Mtunza Tovuti:
Habari zenu, wakuu. Ninatunza tovuti ya habari, na kwa wiki mbili nimekuwa nikitaka kujua kama kupunguza uzito wa picha ya juu kumeuharakisha ukurasa wa mbele. Kila nikipima napata jibu jingine: asubuhi picha huonekana baada ya sekunde tatu hivi, mchana baada ya tano, na kuna nyakati toleo la zamani linalishinda jipya. Seva ni yetu, lakini matangazo, fonti na vihesabu vya wasomaji hutoka kwa wengine. Ndipo nikarekodi mawasiliano yote kwa Web Page Replay, programu ya watengenezaji wa Chrome, nikayacheza tena kutoka kwenye kompyuta yangu. Sasa nina matatizo mawili: baadhi ya matangazo hayatokei, na ukurasa unafunguka kwa chini ya sekunde moja, jambo ambalo msomaji wangu mwenye simu hajawahi kuliona.

Fundi wa Proksi:
Nianze na matangazo. Fungua orodha ya maombi kwenye kivinjari, utazame anwani za yale yaliyojibiwa 404, yaani "haipo". Nyingi zitakuwa na mkia wa tarakimu ndefu uliotengenezwa kwa saa ya wakati huo au kwa namba ya kubahatisha, na kwa kuwa mkia huo haukuwamo siku ya kurekodi, rekodi haina jibu lake. Kwa sababu hiyo programu hii huingiza skripti inayoshika Math.random na Date (vitendaji vya JavaScript vinavyotoa namba ya kubahatisha na saa) kabla ya skripti za ukurasa kuanza, ili namba zifuatane vilevile kila mara na saa ibaki ya siku ya kurekodi. Hata hivyo, skripti hiyo ni lazima iwepo wakati wa kurekodi na wakati wa kucheza pia. Ukiiacha upande mmoja, mikia haitalingana. Anwani isipopatikana kamili, programu hutafuta iliyo karibu zaidi yenye njia ileile (sehemu ya anwani iliyo kabla ya mkia), lakini tangazo likibadilisha njia yenyewe, hakuna cha kulinganisha.

Kuhusu kulinganisha matoleo mawili, ndugu yangu, usirekodi kila toleo peke yake, maana utaletewa matangazo tofauti na utakuwa umerudi ulikotoka. Chukua rekodi moja, uinakili, kisha kwa httparchive, chombo cha kuhariri rekodi kinachokuja na programu hiyo, ongeza picha mpya na uhariri HTML ielekee kwake. Hapo tofauti itakayobaki ni picha tu.

Mwanamtandao:
Nakubaliana naye, nami nitagusa ile sekunde moja. Rekodi inajibu kutoka ndani ya mashine yako, kwa hiyo safari ya pakiti imefutwa, na kwa mtu wa simu safari hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kungoja. Irudishe wewe mwenyewe, kwa kiasi unachokijua. Kwenye Linux, amri hii huchelewesha pakiti zinazopita lo, yaani mtandao wa ndani ya mashine yenyewe:

tc qdisc add dev lo root netem delay 75ms

Kila pakiti hupita lo ikienda na jibu lake likirudi, hivyo milisekunde 75 zinakuwa 150 kwa safari nzima. Wengi huandika 150 wakapata 300, kisha wakalaumu ukurasa bure.

Jambo jingine, nami nalitilia mkazo kwa sababu halionekani kwa macho: ukurasa wako unazungumza na seva nyingi, lakini katika kucheza tena zote zimekuwa moja. Mahimahi, programu nyingine ya kurekodi na kucheza tena kurasa iliyotoka MIT na kuelezwa kitaalamu mwaka 2015, huisimamishia kila seva ya asili seva yake, kwa sababu kuzikusanya pamoja hubadilisha muda unaopimwa. Kama matangazo yako yanatoka kwenye vikoa vingi, ningeanza na hiyo, pamoja na mm-delay, amri yake ya kuongeza ucheleweshaji.

Upime matoleo kwa kupokezana, la zamani kisha jipya, mara kumi na tano kila moja, ukifuta kache (nakala ambazo kivinjari kimehifadhi) kila mara, na uchukue namba ya katikati. Ukimaliza lote la zamani kwanza, joto la kompyuta litaliadhibu jipya.

Mlinzi wa Data:
Naomba niongeze onyo. Rekodi hubeba vidakuzi na vichwa vya maombi kama vilivyo. Rekodi kwa wasifu mtupu wa kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti yoyote, kabla hujaipeleka faili hiyo kwenye hazina ya pamoja.

Mtunza Tovuti:
Nashukuru sana. Kosa la kwanza nimeliona: nilirekodi bila ile skripti, nikaiwasha wakati wa kucheza. Nimerekodi upya kwa wasifu mtupu, na matangazo yote yametokea isipokuwa moja linalobadilisha njia, ambalo nimeliondoa katika matoleo yote mawili. Kwa ucheleweshaji wa milisekunde 150 kwa safari nzima, toleo jipya limetangulia katika mizunguko yote kumi na mitano. Leo jioni najaribu Mahimahi, nione kama tofauti hiyo itasimama seva zikitenganishwa.