Ushauri: Mama mkwe ni mtu wa sala, lakini dada wa kazi ananyanyasika

Mkwe wa Kihonda
Bwana asifiwe, wapendwa. Ninaishi Morogoro na mume wangu pamoja na mama yake, ambaye anaheshimika sana kanisani, hufunga kila Ijumaa na hutuongoza katika sala ya jioni bila kukosa. Kinachonisumbua ni hali ya dada wa kazi. Sisi tunapoinamisha vichwa sebuleni, yeye yuko jikoni anasugua masufuria, na sufuria ikigonga sinki mama humfokea katikati ya sala, kisha huendelea na "Baba yetu" pale alipoishia. Mshahara wake nao anaushika mama, kwa maelezo kwamba anamtunzia asije akautapanya. Nikinyamaza, dhamiri inanisuta. Nikisema, nitaonekana mkwe mjuaji. Nifanyeje bila kumvunjia mama heshima?

Mzee wa Usharika
Pole, binti yangu. Katika Isaya 58 watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona, naye anawajibu kwamba siku hiyohiyo ya kufunga waliwalemea wafanyakazi wao. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimekwisha kuingia masikioni mwa Bwana. Kwa hiyo katika nyumba yenu huenda kuna maombi mawili yanayopanda kila jioni, la sebuleni na la jikoni, na Maandiko hayafichi ni lipi linalosikiwa kwanza. Hata hivyo, usimwambie mama maneno haya kwa namna hii. 1 Timotheo 5 inataka mwanamke mzee aonywe kama mama. Anza na mumeo, kwa kuwa neno la mwana halimchomi mama kama la mkwe.

Mpita Njia
Mzee, kwa heshima zote, mnamtia huyu mkwe matatani. Yesu katika Mathayo 6 ametufundisha kuingia chumbani na kufunga mlango. Aombe kwa siri, na Mungu mwenyewe atamgeuza mama.

Binti wa Mafinga
Ndugu Mpita Njia, katika sura hiyohiyo, mistari michache baada ya mlango huo kufungwa, Yesu anasema tusipowasamehe watu makosa yao, Baba naye hatatusamehe ya kwetu. Ina maana hata huko chumbani mtu anaingia na hesabu zake na watu. Mimi niliwahi kuwa dada wa kazi Dar es Salaam. Mwajiri wangu hakunifokea, ila sikuwahi kuitwa kwenye sala, na hilo liliniuma kuliko kufokewa, maana nami nimebatizwa. Dada, mwiteni akae nanyi, vyombo vitasubiri. Kuhusu mshahara, msimwachie Roho Mtakatifu kazi ambayo sheria imekwisha kuifanya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi alipwe kwa wakati na apate saa 24 za mapumziko kila wiki. Kama kweli fedha zake zinatunzwa, zitunzwe kwenye simu yake, kwa jina lake.

Mzee wa Usharika
Umenena vema. Nami naongeza Ayubu 31, ambapo Ayubu, akijitetea mbele za Mungu, anasema hakuidharau daawa, yaani madai, ya mtumishi wake wala mjakazi wake, kwa sababu aliyemwumba yeye tumboni ndiye aliyewaumba na wao. Zamu yako ya kusoma Neno ikifika unaweza kuisoma, lakini isome usiku wowote ambao hakuna aliyefokewa, na usiongeze maelezo yako. Nimeona familia zikigeuza sala ya jioni kuwa mahali pa kupigana vijembe kwa mistari ya Biblia, na watoto hulitambua hilo mapema kuliko tunavyodhani.

Mkwe wa Kihonda
Asanteni sana. Nimezungumza na mume wangu, naye amekubali kumlipa dada mwenyewe kwa simu kuanzia mwezi huu, pamoja na malimbikizo. Kumweleza mama amesema ni kazi yake. Dada nimemwuliza kama angependa kusali nasi, akajibu kwamba angependa, mradi asiulizwe baadaye kwa nini vyombo vimechelewa. Kilichobaki ni siku ya mapumziko: yeye anataka Jumapili ili aende ibadani, na mama anataka siku hiyo apike kwa ajili ya wageni wa kanisani. Mliowahi kulipanga jambo hili nyumbani kwenu, naomba mniambie mlifanyaje.