Watoto wa la pili wanakariri kitabu badala ya kusoma, nianzie wapi?

chaki_nyeupe
Wadau habari zenu. Nafundisha la pili shule ya serikali huku Mbagala, darasa limejaa mpaka wengine wanakaa chini. Kinachonitesa ni hawa wanaokariri. Ukimwambia soma ukurasa wa kuku anakumwagia wote bila kukwama ila macho yako dirishani, ukifunika ile picha ukamwonyesha neno moja la katikati anakutolea macho. Na la tatu huko masomo yanaongezeka, nani atamrudisha kwenye silabi? Nianzie wapi jamani

Mama Kayumba
Pole ticha. Kitabu weka pembeni kwanza. Kata maboksi utengeneze kadi za silabi halafu uzichanganye, usiweke ma me mi mo mu kwa mpangilio maana ule wimbo ndo unaowabeba, akishajua inaanza ma zingine anaimba tu. Mwekee mo, ki, ta aunge mwenyewe, hata neno lisilo na maana kama "tamoki" mpe, hapo hana cha kukariri. Zikikaa ndo uje na mba, nda, nya, ng'o. "Mtu" na "mbwa" zisubiri, ile m inayosimama peke yake inawavuruga sana.

baba_wawili
Mi mzazi tu. Wangu alianzia chekechea ya inglish midiam Tabata, ada ikanishinda nikamleta serikali, sasa i kwake ni "ai", kiti anasoma "kaitai" 😂 Ticha ukikutana na wa hivi usimchape, hajakataa kusoma.

mstaafu_wa_ubao
Napingana kidogo na dada hapo juu. Kadi sawa, ila ukikaa nazo muhula mzima watasoma kama roboti, ukiuliza kuku kafanya nini hajui. KKK yenyewe (kusoma, kuandika, kuhesabu) tangu mtaala wa 2015 inataka mtoto asome na aelewe. Siku hiyohiyo ya kadi mwache aseme sentensi yake, "mama anauza vitumbua", iandike ubaoni kisha aisome. Wale wasiojua kabisa kaa nao mkekani mbele, wachache wachache, wengine wakopi ubaoni.

chaki_nyeupe
Shikamoo mwalimu, asanteni wote. Maboksi nitaomba kwa Mangi wa dukani. Ila nikiinama tu na hao wa mkekani huku nyuma wanapigana, mnawatulizaje?

Mama Kayumba
Wanaojua kusoma wape kila mmoja wenzake wawili awafundishe, wanapenda uticha hao utashangaa. Ila pita ukague, kuna wanaonong'oneza majibu.